Kamba Isiyokatika

Mteremko wa Riat hauna huruma na mgongo.
Mkaratusi wa Mwalimu Akeyo ulianguka Jumanne usiku,
ukalala kichwa bondeni, mizizi juu,
katikati ya mawe makubwa kama ng'ombe waliojichokea.
Kuukata, tuliukata.
Kuupandisha ndiko kulikokuwa kazi.

Zamani, kwa Baba, huko Vihiga,
gogo lilipanda kwa mabega ya watu sita,
na la saba la kukodi.
Baba alizikwa bega moja limeshuka.
Fundi aliyemshonea suti alilijua,
akajaza pamba upande ule.

Sisi tuna winchi.
Imekaa juu ya mdomo wa mashine ya kusaga matawi:
ngoma ndogo, kamba ya rangi ya chungwa, mita hamsini,
na ndoano yenye ulimi wa chuma.
Mudeizi yuko juu, mkono kwenye wenzo.
Mimi niko chini, nafunga.
Kwa kelele ile mdomo ni pambo tu,
twasemezana kwa mikono:
kidole kikizunguka, vuta;
ngumi, simama;
kiganja kwenye paji la uso, hiyo ya Mudeizi peke yake,
maana yake, Mungu wangu, umefunga nini hapo?

Tawi linaamka.
Linasita kwenye jiwe, kama linatafakari,
kisha linapanda likiburuta majani
na kufuta nyayo zetu zote za asubuhi.

Kamba hukatikia pembamba, tuliambiwa shuleni.
Waliosema hawakuiona hii.
Hii haikatiki.
Hiyo ndiyo hofu yangu nayo.

Saa sita kasoro nilipanda kunywa maji.
Obunga, siku yake ya tatu kazini,
alifungua ndoano, akasukuma tawi mdomoni,
akaiacha kamba chini, juu ya takataka,
imelala kama kitu kisicho na haja na mtu.
Roli zikalamba jani,
zikalamba kijiti,
kisha rangi ya chungwa.
Nikaona mkunjo wa kamba ukijinyoosha
kukifuata kifundo cha mguu wake.
Polepole, ndivyo ninavyoukumbuka,
ingawa haikuwa polepole.

Mudeizi aliupiga mtaimbo wa usalama kwa nyonga.
Roli zikasimama.
Visu ndani vikaendelea kuzunguka,
vikisaga hewa.

Hakuna aliyegomba.
Mudeizi alizima injini, akairudisha kamba kwa mkono,
mita kwa mita, akiipapasa
kama mama akaguaye nywele za mtoto shule zikifunguliwa.
Akapachika ndoano kwenye pete yake.
Akawasha.
"Sasa lisha," akasema.
Obunga hakuweza.
Alikaa juu ya jiwe, amevua kiatu,
akikitazama kifundo
kana kwamba ameazimwa na jirani.

Saa tisa Mwalimu Akeyo alishuka na birika na mihogo.
"Uko wapi mti wangu?"
Nikamwonyesha rundo la vibanzi, bado lina joto,
likinuka dawa ya mafua.
Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.
"Miaka ishirini na sita unaninywea kisima," akauambia.
"Haya, kakae kwenye migomba, unitunzie unyevu."

Magunia aliyabeba Obunga, yote kumi na moja.
Msaada alikataa.
Kila alipopita karibu na mashine
aliangalia ndoano kwanza,
halafu miguu yake.

Usiku ule, nyumbani Kondele,
nilifika mlangoni, nikaweka begi chini,
nikajikuta nimesimama nikiangalia miguu yangu.
Mke wangu akauliza nimeangusha nini.